Pete Iliyoitwa Chupa

Sonara yule alikuwa fundi hasa. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alitaka kuonyesha ujuzi. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amevaa pete ya jiwe la zambarau, zawadi ya marehemu mumewe. Sonara akaomba aione, akaigusisha mdomoni, maana jiwe la kweli huwa na ubaridi wake. Hili lilikuwa vuguvugu.

“Hii ni chupa tu, mama,” akatangaza mbele ya ukoo mzima.

Hakufikiria kwamba mwenye pete alikuwa ameshinda jikoni akiepua masufuria. Mke alipewa, Mungu ni mwema, lakini pete ikavuliwa siku ileile.

Miaka tisa baadaye mama mkwe aliingia karakanani kwake.

“Mkwe wangu, nipunguzie hii pete, nimpe mjukuu achezee. Chupa haina hasara.”

Kabla ya kuwasha moto sonara alilichomoa jiwe, akalisafisha, akalitazama kwa lenzi, safari hii bila mbwembwe. Alitafuta viputo vya hewa, vile vinavyobaki ndani ya kioo kilichoyeyushwa. Wapi! Aliona zambarau imejipanga kwa michirizi iliyonyooka, mingine imekolea, mingine hafifu, ikikutana kwa pembe. Rangi ya kioo haijipangi hivyo. Akaligusisha mdomoni tena. Baridi! Ilikuwa amethisti, jiwe la thamani linalopata zambarau yake kwa chembe za chuma lingali ardhini.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini mtoto angeichezea siku mbili, ya tatu ingekuwa imepotelea uani.

“Mama, nilikosea. Hili ni jiwe la kweli.”

Mama mkwe akaketi taratibu. “La kweli?”

“La kweli kabisa. Siku ile lilikuwa limepata joto la jikoni, nami nikajifanya bingwa.”

Alitarajia matusi, pengine na kiatu juu yake. Badala yake mama mkwe akaanza kulia.

“Miaka tisa namsema yule mzee wa watu! Kila nikipangusa picha yake namwita tapeli!”

Sonara alijisikia vibaya mno. “Nisamehe, mama.”

“Wewe subiri zamu yako,” akasema, akifuta machozi na kuinuka. “Kwanza niende nyumbani nikamwombe radhi mume wangu.”