Nilivyokwenda Kaskazini Kumleta Baba wa Binti

Nilitoka Stockholm kwa hasira na nikarudi Stockholm kwa hasira, kwa hiyo anayetaka habari za taa za kijani angani na kulungu wa theluji atafute msimulizi mwingine. Mimi sikwenda kutalii. Nilitumwa.

Anitha, binti wa kaka yangu, alikuwa anaposwa. Wakubwa wa upande wa kijana walikuwa wamekodi ukumbi wa kanisa kule Vällingby, pembeni mwa Stockholm, kwa siku ya Jumamosi, na baba wa binti hapokei simu. Kwetu Burundi bia ya kuombea haifunguliwi mpaka baba aseme ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Baba huyo ni kaka yangu mkubwa. Tumenyonya titi moja, tumekulia uani pamoja Buyenzi, Bujumbura, na Sweden tulishuka ndege moja. Miaka mitano kabla ya hapo kazi yake ya usafi Märsta iliisha, akapata udereva katika manispaa moja ya kaskazini kabisa. Alimwambia mkewe ni kwa majira mawili tu, akamwacha Stockholm, mtaa wa Vårby gård, na watoto kwa sababu ya shule. Majira mawili hayajaisha mpaka leo. Jina la manispaa hiyo silitaji. Sitaki kuipa heshima.

"Nenda wewe, shemeji," aliniambia mke wa kaka. "Wewe huna kazi ya kudumu, na kuzurura ndiyo fani yako."

Ni kweli nimezurura. Nimeishi Kigoma na Nairobi, na hata baada ya kufika Sweden nikaenda Kopenhageni kabla ya kurudi kutulia, kama huku ni kutulia. Lakini kuambiwa hivyo mbele ya watoto kulinikera, na ndivyo safari ilivyoanza.

Jumatano jioni nilipanda treni ya usiku nikiwa na tiketi mbili za kurudi, yangu na ya kaka. Behewa lilijaa watu na hakuna aliyesema neno. Mimi nimepanda treni ya Kigoma; ukifika Tabora unajua jirani yako ana watoto wangapi na nani kati yao anamsumbua. Hapa bwana aliyekaa mbele yangu alikula mkate wake kimya, akakunja karatasi mara nne, akalala. Asubuhi nikafungua pazia nikaona miti. Nikaenda kunywa kahawa, nikarudi, nikaona miti ileile. Nikaanza kumchukia kaka kwa ajili ya kila mti.

Baada ya treni, basi. Lilibeba abiria watano, magunia ya barua na sanduku la dawa. Dereva alisimama mahali pasipo na nyumba, akatia magazeti kwenye kisanduku kilichozama nusu kwenye theluji, akaendelea. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Karibu na saa sita mchana jua lilichungulia nyuma ya vilima, likaona hakuna la kufanya, likarudi chini.

Nilipofika, kaka alikuwa kituoni na gari dogo la manispaa, amevaa ovaroli nene, ndevu zimejaa. Simu yangu hakupokea, lakini ujumbe wangu alikuwa ameusoma. Akanitazama miguuni.

"Hivyo ni nini?"

"Viatu."

"Hivyo si viatu, mdogo wangu. Hayo ni matumaini. Panda."

Kabla ya kunipeleka kwake alinizungusha kwenye kazi yake. Kazi yenyewe ni kuwachukua wazee majumbani, kuwapeleka kituo chao cha mchana na kuwarudisha. Alishika mkono wa kila mmoja, akawafunga mikanda, akawauliza habari za goti na za mbwa. Mzee mmoja alimwambia jambo refu kwa Kiswidi cha huko, kaka akacheka kweli, kichwa nyuma, kicheko ambacho mkewe hajakisikia kwa miaka mitano. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi kuliko baridi.

"Hapa nikichelewa wananipigia kuuliza kama naumwa," alisema tulipobaki wawili. "Märsta nimesafisha miaka saba. Siku nilipoondoka, msimamizi aliniita kwa jina la Msomali wa zamu nyingine."

"Kwa hiyo umeacha mke kwa sababu ya jina."

"Chunga mdomo."

Nyumbani kwake ni chumba, sebule na jiko la kuni. Alinipa mchuzi wa nyama na viazi, akangoja nimalize. Nikaweka tiketi yake mezani, nikamweleza: Jumamosi, Vällingby, kijana anaitwa Patrick, Mkongo wa Uvira, fundi umeme, ana adabu, wakubwa wake wameandaa kila kitu.

"Yeye na Anitha wanaishi nyumba moja tangu kiangazi," alisema.

"Ndiyo desturi ya huku, kaka. Watoto wetu wamekulia huku."

"Hilo nimeshalimeza. Lilinikaa kooni, nikalimeza. Sasa niambie wewe uliyekulia Buyenzi: wanaoomba binti huenda wapi?"

Nikaisogeza sahani.

"Huenda wapi?"

"Kwa baba wa binti."

"Tangu lini baba anatumiwa tiketi ili apande treni kwenda kuombwa? Kwenye ukumbi wa kukodi? Nikae kama mgeni kwenye kiti cha plastiki, watu waniombe kitu ambacho hakiko kwangu? Nina nyumba. Ina mlango."

"Ni zaidi ya kilomita elfu moja!"

"Baba yetu alitembea kwa miguu siku mbili kwenda kumuomba mama."

"Baba yetu hakutembea juu ya barafu!"

Tulipigana maneno mpaka jirani yake, bibi mmoja anayeitwa Gunvor, akaja na sahani ya maandazi ya mdalasini kuona kama kuna mtu ameumia. Hasira yangu iliongezeka kwa sababu kaka alikuwa na haki. Sisi wote kule chini, pamoja na wale wazee wa Uvira wanaojua desturi kuliko sisi, tuliona umbali na baridi tukakodi ukumbi karibu na metro. Hakuna aliyesema, jamani, huyu baba ana kwake.

Nikampigia shemeji. "Wanawake wameshaloweka maharage!" alipiga kelele. "Mwambie aache ukaidi, aje!" Nikampigia Patrick mwenyewe.

"Tonton, mimi nilibaambia tangu mwanzo twende kule," alisema kwa Kiswahili chao cha Uvira; tonton ndiyo baba mdogo. "Bakubwa balikataa. Baridi, magoti, sijui nini. Haiko neno. Niko nakuja leo leo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Ijumaa mchana basi lilimshusha, amevaa koti la suti na viatu vya ngozi vyenye ncha. Lilikuwa linageuza baada ya saa moja na nusu, na tusipolipata hatufiki Vällingby Jumamosi. Patrick alikuwa amebeba kreti ya bia ya kuombea, kama inavyotakiwa, lakini aliiweka kwenye buti la basi, na buti halina joto. Chupa zilikuwa zimepasuka zote, bia imesimama kama nguzo za barafu bila chupa. Zilipona mbili alizokuwa nazo ndani ya koti.

"Papa atanifukuza," alisema.

"Atakufukuza kwa mengine. Twende."

Kaka alikuwa amevaa suti, suti ileile aliyoshuka nayo ndege. Alimkalisha Bibi Gunvor pembeni yake, kwa sababu upande wa binti hauwezi kuwa mtu mmoja, nami nikaingia nikakaa upande wa pili, nikiwa baba mdogo. Patrick akabaki nje. Kaka akafungua mlango upana wa mkono.

"Nani?"

"Ni mimi Patrick, Papa."

"Umekuja na nani?"

"Niko mwenyewe."

"Kijana hajiombei. Lete mtu mzima akusemee."

"Papa, huku nitamutoa wapi?"

Kweli, angemtoa wapi? Nyuma yake kulikuwa na theluji na lundo la kuni. Nilimwona kijana anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, masikio yamegeuka rangi. Nikamtazama kaka anirudishie macho, hakunirudishia. Basi nikasimama, nikavaa koti.

"Wewe unakwenda wapi? Wewe ni baba yake mdogo."

"Nahama," nikasema, nikatoka, nikasimama upande wa kijana.

Msemaji husifu nyumba kwanza. Mimi nilisifu nilichoona. "Sisi tumetoka mbali," nikasema, na mvuke ukanitoka kama wa sufuria. "Tumekuta nyumba iliyozikwa mpaka madirishani, yenye mwenye nyumba asiyepokea simu. Tumeipenda hivyo hivyo. Kijana huyu amekuja pale ambapo wakubwa wake waliogopa kuja. Bia yake imepasuka njiani. Masikio yake yanataka kukatika. Tunamuomba Anitha."

Bibi Gunvor akauliza jambo. Kaka akamjibu. Bibi akasema kwa sauti, na Kiswidi hicho hata mimi nilikielewa: ama waingie ama mlango ufungwe, joto lote linatoka.

Ningenyamaza hapo kazi ingekuwa imekwisha. Lakini mdomo uliendelea.

"Na lipo la pili. Naomba na mwenye nyumba. Namuomba kwa ajili ya mkewe, na kwa ajili yangu. Tulisema tutarudi Bujumbura pamoja, tukae tena uani kwetu, tule samaki wetu mukeke wa kukaanga mpaka tuzeeke. Nimezunguka nchi nne nikimngoja aseme twende. Sasa nakuta anamfunga mikanda mzee wa watu. Tunamuomba. Arudi."

Patrick alinitazama kama mtu aliyepanda basi lisilo lake. Kaka akafungua mlango wote. Akachukua chupa moja mkononi mwa kijana, akaifungua, akanywa, akampa anywe, akampa na Bibi Gunvor.

"Binti nimetoa," alisema. "Nimetoa kwa mdomo wangu, hapa kwangu. Ingia upashe masikio, mwanangu."

"Na la pili?" niliuliza.

"La pili umejiombea mwenyewe." Hakuwa anacheka. "Hukuja na mtu wa kukusemea. Ingia unywe."

Sikunywa. Nilitaka kumpiga, na nadhani alijua, kwa sababu alisogea kidogo akasimama mahali ambapo ningemfikia kwa urahisi.

Kituoni dereva alikuwa ameshawasha basi. Patrick aliingia kwanza, soksi za sufu za kaka zimemjaa kwenye vile viatu vyenye ncha. Nikamrudishia kaka tiketi yake, akaitia mfukoni bila kuitazama.

"Utakuja lini tena?"

"Siji tena."

"Sawa," alisema, akanishika shingo kwa mkono wake mkavu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tunavuka barabara. Nikautoa.

Ndani ya basi Patrick aliniuliza, "Tonton, kesho ukumbini utakaa upande gani?"

"Upande wa chakula. Nyamaza."

Nilichojifunza nitakisema, ingawa hakijanisaidia. Nilikwenda nikiamini kaka amekwama, na mtu aliyekwama unashika mkono unavuta. Kaka hakuwa amekwama. Alikuwa amekaa. Mtu aliyekaa huna pa kumshika. Anitha ameolewa, kaka alituma baraka na viatu vya kila mtoto, na mimi sijakanyaga tena kule wala sitakanyaga.

Siku ile basi lilipotoka, gari lake la manispaa lilikuwa mbele yetu. Saa ya kuwarudisha wazee ilikuwa imefika. Tulilifuata mpaka njia panda, likawasha taa ya kushoto, likakata.