Mfuga Kuku Aliyepumzishwa

Mfuga kuku mmoja wa Utemini, niliyefahamiana naye miaka mingi, tumemzika juzi. Kiharusi. Msibani kila niliyekaa naye alinipa sababu ileile, kwamba marehemu ameuawa na mawazo, na kila mmoja aliisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kueleza kila kitu. Wasomaji wangu, nimechoka na hayo mawazo. Mwanafunzi akifeli, mawazo. Mama akikosa usingizi, mawazo. Mtu akijifungia ndani wiki nzima, haogi wala halii, mawazo hayohayo, na dawa yake ni moja tu: apumzike.

Marehemu alifiwa na mkewe mwaka jana. Siku za mwanzo alilia, na hiyo ni huzuni ya msiba, kila mtu anaipitia. Ila miezi ikapita, matanga yameshaanuliwa zamani, na yeye anazidi kufifia: chakula hakina ladha, mpira redioni hausikilizi, salamu anaitikia kwa kichwa. Hiyo wataalamu wanaiita sonona. Msongo wa mawazo ni kitu kingine; ni mzigo uliozidi, na mtu ukimpunguzia anapumua. Mwenye sonona anaweza kulala kutwa nzima akaamka amechoka kuliko alivyolala. Nilimwambia kaka yake mkubwa ampeleke hospitali akaonane na muuguzi wa afya ya akili. Akanijibu kwamba mdogo wake si kichaa.

Ukoo ukakaa kikao, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo hasira inaponipanda, maana wangekuwa na nia mbaya ningewatukana nikamaliza. Wakaamua kumpunguzia kazi. Kuku wote wakakamatwa, wakatiwa kwenye matenga, wakapelekwa kwa jamaa wa ukoo huko Nduguti. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa kitandani, jua limeshapanda, banda nje limefagiliwa safi.

"Kuku walikuwa wananipigia kelele mpaka natoka," aliniambia. "Nawapa pumba, nawapa maji, nikirudi ndani nameza dawa yangu ya presha. Sasa naamkia nini?"

Maneno hayo niliyafikisha kwa kaka yake kama yalivyo. Akasema ni mawazo, yataisha akishapumzika. Vidonge vikabaki dirishani, havijaguswa.

Baada ya mazishi niliwakuta wazee wamekaa tena. Safari hii ni binti wa marehemu, fundi cherehani wa Manyoni, ambaye tangu afike alikuwa hajala vizuri. Wanataka afunge kibanda chake, arudi nyumbani apumzike. Nikauliza kama kuna aliyemuuliza mwenyewe.

"Mwandishi," kaka mkubwa akasema, "mtu mwenye mawazo unamuulizaje?"

Hilo ndilo kosa letu. Ugonjwa hatuujui jina, dawa tunaipanga, na mwenye maumivu tunamweka nje ya kikao. Kabla hujampumzisha mtu, muulize ni nini kinachomtoa kitandani, na hicho usikiguse.

Nikaenda chumba cha pili nikamuuliza. Binti alijifuta macho.

"Baba mdogo, nisaidie nirudi kesho," akasema. "Kuna gauni la harusi sijalimaliza, na bibi harusi analisubiri."

Nikarudi kikaoni nikawaeleza, na sikukaa chini mpaka waliposema aende.