Kiingereza cha Mdogo Wangu

Kila asubuhi nikiingia darasani wanafunzi wangu husimama na kuniimbia kwamba wao ni faini, tenkyu ticha. Mimi hukasirika. Nichekeni mkitaka.

Neno hilo faini alilileta mdogo wangu wa kike nyumbani kwetu, kijijini Daudi, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria na pikapu za vitunguu saumu zikaanza kupanda huku milimani. Alikuwa darasa la tatu. Umekula? Faini! Umelala? Faini! Baba alicheka mpaka machozi.

Kisha mama akajifungua mtoto aliyekufa. Kwa mila yetu Wairaqw, nyumba ikaingia meeta: hatuingii kwa mtu, mtu haingii kwetu, wala hatugusani na watu wa nje. Majirani walituwekea chakula kwenye ua wa manyara. Walitupenda, lakini kwa mbali.

Baba akiwa Arusha kuuza vitunguu, mdogo wangu akashikwa na homa. Mama akambeba mgongoni hadi kwenye ua, akamwita jirani mwenye pikapu.

"Shemeji, nisaidie, mtoto anaungua! Mpeleke hospitali."

Jirani akasimama upande wake. Jamani, angemgusa paji la uso tu! Hakuthubutu. Akamtania kutoka kulekule, "Hau a yu, mchumba?"

Mdogo wangu akainua kichwa, akajibu kama alivyofundishwa. "Faini."

"Ee, huyu mzima bwana!" Jirani akacheka. "Mchemshieni dawa, nikitoka mnadani nitapita."

Alipita kweli jioni, akatukuta tunalia. Meeta ikaanza upya. Mama alimlilia mwanawe bila jirani hata mmoja wa kumshika mkono, na roho yangu haijapona mpaka leo.

Miaka mingi baadaye, mkoa wetu ulipoanzishwa, nilikuwa chuo cha ualimu, nikalitafuta neno lile kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza. Maana yake nzuri. Maana yake adhabu, ile tunayotozwa mahakamani. Maana yake laini, kama unga uliochekechwa. Na asili yake, wameandika, ni neno la Kilatini la kusema mwisho. Nilifunga kamusi nikatoka nje.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wakishaimba siwaachi wakae. Nawafundisha jibu la pili: ai am siki, naumwa. Wanacheka, eti mwalimu ana kichaa. Nawarudisha mpaka aseme kila mmoja, na sauti itoke.

Hilo mdogo wangu hakufundishwa.