Mstari Uliolala Nyambureti

Mdogo wangu Marwa alikuwa amefungiwa katika ghala la kijiji huko Issenye, na mimi kaka yake sikumwamini. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu. Nawaandikia ninyi wa nyumbani mliouliza kwa nini nilitoka na maksai wawili wakati kila mtu analima.

Mgambo mmoja wa Busawe alikuwa ameapa kwamba saa kumi na mbili asubuhi alimwona Marwa akitoa ng'ombe wanne kwenye zizi alilokuwa akililinda. Saa tatu ya asubuhi hiyohiyo ng'ombe hao walionekana kwenye josho la Issenye, ndani ya kundi la Marwa. Yeye alisema aliwakuta wamejichanganya na ng'ombe wake machungani, akawapeleka mwenyewe kwa karani wa josho. Nilitaka kumsadiki. Lakini katika ujana wake Marwa aliwahi kufuata wenzake kwenda kuiba ng'ombe, na mimi ndiye niliyemficha. Baraza lingekaa Ijumaa. Akionekana ana hatia atakabidhiwa polisi, na mke wake na watoto wataondolewa kijijini.

Mwalimu Robi, anayetufundisha watu wazima jioni, aliniuliza ng'ombe huchukua muda gani kutoka Busawe hadi Issenye. Nikamwambia, muda wa ng'ombe.

"Muda wa ng'ombe ndio kiasi gani, katekista?"

Akanipa saa yake ya mkononi na karatasi ya vimraba. Chini aliandika saa, kila mraba saa moja; pembeni hatua, kila mraba hatua elfu moja. Kila saa moja niweke nukta, kisha niziunganishe. Akanionya nisiitazame kama picha ya njia. Mstari ukilala, mtu amesimama. Ukipanda kidogo, anatembea polepole. Ukisimama wima, anakimbia. Nikaitikia kwa heshima, ila moyoni niliona ni mchezo wa watoto.

Jumatatu alfajiri nilisali, nikachukua kibali cha kusafirisha mifugo, nikateremka kutoka milima ya Tarime. Tulivuka Mto Mara kwenye kivuko cha ng'ombe, maji yakiwa chini, namshukuru Mungu.

Jumatano jioni nilifika Busawe kwa Mzee Wambura, muumini mwenzangu. Alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Alipoiona karatasi, akaacha kula. Watu wa mwisho kuja na karatasi walipima, wakaondoka, na baada ya mavuno kila mtu akaambiwa abomoe nyumba yake ahamie kwenye mistari ya nyumba ya kijiji kipya.

"Unachora mazizi yetu, tata?" aliuliza, akiniita baba kwa lugha ya kwetu.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mkuki wake uliokuwa ukutani, akaulaza karibu na kitanda chake. Nililala kwake nikijua kwamba yeye hapati usingizi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi niliwaswaga maksai kutoka zizi lilelile ng'ombe walimoibwa. Mfuko wa kulia ulikuwa na punje za mahindi. Kila hatua elfu nilihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Watu waliokuwa shambani waliinua majembe wakanitazama mpaka nikapotea. Mstari ukaanza kupanda taratibu, sawasawa kila saa.

Saa nne nilifika Nyambureti. Hapo kilimani mama mmoja alinipa maji, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomtaja Marwa, akachukua kibuyu chake kabla sijamaliza kunywa. Alisema tu, "Huyo watu wanamjua."

Niliketi juu ya jiwe. Maksai wakala majani. Nilijiuliza kwa nini ninahesabu hatua kwa ajili ya mwizi, tena nikiwa katekista. Nilifungua midomo nisali, sala haikuja. Mara mbili niliwageuza maksai kuelekea nyumbani. Saa ya mwalimu ilipoonyesha saa saba, niliinuka. Sikuinuka kwa imani. Niliona aibu kurudisha karatasi nusu.

Saa kumi na moja jioni nilifika kwenye josho la Issenye, punje thelathini na mbili zikiwa mfuko wa kushoto.

Ijumaa asubuhi baraza lilikaa. Marwa aliketishwa chini, amefungwa mikono. Nilionyesha mstari wangu, na pembeni yake mstari wa maneno ya mgambo: kutoka Busawe saa kumi na mbili hadi Issenye saa tatu. Mwenyekiti, Mzee Nyamhanga, aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Nimeelewa," alisema. "Wewe ulipita njia yenye mwinuko mdogo, na hapa katikati ni tambarare. Mwizi alipita njia ya mlimani. Hii imekwea sana."

Wazee wakaafiki. Karatasi niliyoileta kumtetea ndugu yangu sasa ilikuwa inamfunga.

"Mzee, huo si mlima," nilisema. "Hapo unapopaita tambarare ni Nyambureti, na wote mnajua Nyambureti ni kilima. Mstari umelala kwa sababu nilisimama. Saa zilikwenda, miguu haikwenda."

"Ulisimama saa tatu nzima? Ng'ombe walichoka?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Hawakuchoka. Nilikaa nikiamini kwamba ndugu yangu ni mwizi, nikitaka kurudi nyumbani."

Marwa aliinua kichwa akanitazama. Mwenyekiti naye alinitazama, kisha akaiinamia karatasi upya. "Basi kulala ni kusimama. Na huu uliokwea?"

"Ni mbio. Ondoa kukaa kwangu, bado nilitembea saa nane. Kwa maneno ya mgambo ng'ombe walitumia saa tatu tu, na mmoja wao ana mimba."

"Ng'ombe wa Busawe wana magurudumu," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka. Mgambo hakucheka. Mwenyekiti alimuuliza mara moja tu, kwa upole. Akakiri kwamba alisinzia lindoni. Alipoamka alfajiri, zizi lilikuwa wazi. Jina la Marwa alilitaja baada ya kusikia ng'ombe wameonekana kwake, akiogopa kuadhibiwa.

Kwa kuwa hapakuwa na shahidi mwingine, Marwa alifunguliwa. Mchana, nyumbani kwake, aliiomba karatasi. Kidole chake kilipanda na mstari, kikafika Nyambureti, kikatulia.

"Saa tatu, kaka."

"Saa tatu. Nisamehe."

Kidole kikasogea polepole hadi pale mstari ulipoanza kupanda tena, na hapo akapagonga mara mbili. Aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Jumamosi nilianza kurudi. Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Nilikuwa nikifundisha kwamba shaka ni kitu cha moyoni kisichoonekana. Sasa nimeona urefu wa shaka yangu, miraba mitatu. Tulipofika kwenye lile jiwe la Nyambureti, maksai walikumbuka majani wakataka kusimama. Nikawapitisha.