Kuku Aliyebebeshwa Buni

Majuma mawili yaliyopita, huko Nyakasimbi, nilikuta watu wamejazana uani kwa bibi mmoja mganga wa mifupa, wakimshangilia kuku. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alikuwa amevunjika muundi. Siku alipofungwa vijiti, bibi alimvunja kuku mguu mahali palepale, akamfunga vilevile. Kuku akipona, mtu naye ataruhusiwa kusimama.

Na sasa kuku alikuwa anatembea!

"Nifungue, bibi," alisema mchungaji, fimbo mkononi. "Ng'ombe wanahama leo."

"Bado. Mguu wa huyu umebeba kuku tu. Wako utabeba nini?"

"Kwetu wafugaji kuku hata hatumli, leo ndiye wa kuniamrisha?"

Bibi alitia buni ya kahawa katika kifuko, akakifunga mgongoni kwa kuku. Kuku alipiga hatua mbili, mguu ukatetemeka, akaketi.

Mchungaji aliutazama mguu wake, kisha tumbo lake, akaweka fimbo chini. "Waambieni ng'ombe watangulie."

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliyekuja kucheka, alikuwa amepiga magoti. "Shikamoo, bibi. Buni ilikuwa konzi ngapi?"

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya mwili wa binadamu, wala hakuna ukurasa ulionizuia pumzi namna ile. Juzi nilipita tena. Mchungaji bado amefungwa vijiti, lakini punje za ulezi za kuku sasa anazinunua yeye, anamlisha kwa mkono wake, na kila asubuhi humwuliza ameamkaje.