Kulala Bure Maungu

Watu wakisikia kwamba mimi na mzee wangu tuliwahi kuishi ndani ya gari, swali lao la kwanza huwa ni tulikuwa tunalala wapi. Nikiwaambia tulikuwa na kadi ya kulala kwenye yadi bila kulipa, wanapiga makofi. "Basi mliokoa pesa, nyanya!" Tuliokoa pesa! Mtu akiniambia hivyo natamani nimpe hiyo kadi aitafune.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli pale Voi. Miaka ile ya tisini reli ikaanza kupunguza watu, akapunguzwa, na nyumba ya reli tukaambiwa tuiache. Sagalla tulikuwa na nyumba, lakini ilikuwa imejaa: mwanangu, mkewe na watoto wao, na maji ya kubeba kupanda nayo mlima. Wajukuu nawapenda, wanajua. Ila sikutaka kukaa kwenye kona ya jiko la mkaza mwana nikingoja kuitwa kula. Kwa hiyo pesa alizopewa mzee za kumuaga zikanunua kombi kuukuu. Akang'oa viti vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao, na chini ya kitanda tukapanga mali yangu.

Nasema mali yangu. Sufuria, beseni, sahani za bati, vikombe, miiko. Biashara hiyo niliianza mzee akiwa bado anavaa kofia ya reli, nikipanda malori na mtoto mgongoni. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini watoto wangu wote wamesoma kwa sufuria, na yeyote anayetaka kunicheka kwa hilo aje anicheke nikiwa nimesimama.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Soko langu kubwa lilikuwa Taveta, Jumatano na Jumamosi. Mahali pangu palikuwa ukutani, kando ya lango, pale wanapoingilia watu wanaotoka upande wa mpakani. Sikupewa na mtu. Nilianzia nje mtaroni, mvua ikinyesha maji yanapita kati ya sufuria zangu. Mtu akifa, akiolewa mbali, akichoka na biashara, nilisogea. Nikasogea mpaka nikafika ukutani. Mahali hapo hapakuwa na karatasi. Kanjo, yule mkusanya ushuru wa baraza, alikata risiti ya siku ile tu. Sokoni pale mahali hushikwa kwa makalio. Ukikosa siku moja, jirani anakuwekea jiwe. Ukikosa ya pili, anakuwekea lakini ananung'unika. Ukikosa ya tatu, jiwe linatupwa, na atakayekaa amekaa. Mimi pia nilipata hivyo. Ndiyo sheria yetu, na ni sheria nzuri, mradi usiolewe na mjinga.

Kulala hakukuwa shida. Taveta tulilala kwa rafiki yangu, mjane mwenye migomba kando ya mfereji. Kombi iliingia chini ya migomba, maji yako hapo, choo kiko hapo. Pesa hakutaka. Nilimpa sufuria mpya ikija, sabuni, mafuta ya taa, naye alinipa mkungu wa ndizi niteremke nao Voi. Mwatate tulimpa mlinzi wa kituo cha petroli kitu kidogo. Hatukuibiwa hata kijiko.

Siku moja tukiwa Voi mzee akapeleka gurudumu kuzibwa. Akarudi na gurudumu na kadi. Kadi ya kijani, imefunikwa nailoni, ina picha yake akiwa amekaza shingo.

"Mama, tumemaliza shida ya kulala," akasema.

"Shida gani?"

"Kuna mtu ana yadi za malori. Unalipa mara moja, unalala mwaka mzima. Usiku wowote. Unaonyesha kadi, unafunguliwa geti."

"Yadi ziko wapi?"

"Voi hapa. Maungu. Mtito Andei."

"Na Taveta?"

"Taveta inakuja."

"Inakuja kwa miguu?" Nikamuuliza alilipa na nini. Akaanza kuangalia gurudumu. Nikajua. Alilipa na pesa yangu ya kununulia mali mpya, ile iliyokuwa kwenye kopo la majani ya chai.

Hebu mtu aniambie. Yadi zote ziko kwenye lami, barabara ya Mombasa, kwa sababu ni za malori. Soko letu liko kwenye vumbi: Mwatate, Bura, Taveta. Ni kama mtu akuuzie viatu halafu akwambie mguu utakuja baadaye. Mzee akasema mimi sielewi hesabu. Akanipigia hesabu mchangani kwa kijiti: usiku mmoja wa mlinzi Mwatate, mara usiku wote wa mwaka, toa bei ya kadi, inabaki faida. Ilionekana nzuri sana pale mchangani. Petroli hakuiandika. Wateja hakuwaandika. Na usiku wa Taveta, ambao ulikuwa hautugharimu ila kipande cha sabuni, aliuandika kama tunaulipia.

Mwanzoni tuliendelea na njia yetu. Lakini ile kadi ilikuwa inamwasha mfukoni. Kila tulipolala kwa rafiki yangu, mzee alikuwa anaona hasara. Hasara ya nini? Ya kutotumia kadi! Usiku wa bure ukageuka kuwa pesa iliyopotea. Akawa hapati usingizi chini ya migomba, anageuka tu. "Tumelipia Maungu na tumelala hapa." Mpaka Jumanne moja, badala ya kuchukua njia ya Taveta, akakata kona na kushika lami upande wa Maungu.

"Mzee, kesho ni Jumatano."

"Kesho tutauza Maungu. Na huko pia wanapika."

Maungu kuna vumbi, na malori, na wanaume wanaokula hotelini. Nani pale anunue sufuria? Tulifika yadi jioni, nikashusha jiko nianze ugali. Mlinzi wa geti akaja mbio.

"Mama, mama! Hapa hakuna moto. Huoni petroli imemwagika kila mahali?"

"Nipike wapi?"

"Hoteli iko hapo mbele. Ya mwenye yadi huyo huyo."

"Ahaa. Na maji?"

"Bomba limekauka. Kuna ya ndoo, unanunua."

"Tuna kadi."

"Kadi ni ya kuegesha, mama. Hamkusoma nyuma?"

Nikamgeukia mzee. "Wewe uliyesoma, nyuma pameandikwa nini?" Akageuza kadi, akaishika mbali, akaileta karibu, akairudisha mfukoni. Dereva mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gurudumu akacheka. "Mzee, kumbe umemleta mama fungate Maungu!" Nikamwambia fungate yangu ilikuwa na maji. Wakacheka wote, mzee peke yake hakucheka.

Jumatano hiyo nikauza mwiko mmoja. Mwiko! Alhamisi malori yakajaa, mlinzi akaja kugonga kioo: wenye kadi watoke, wanaolipa taslimu waingie. Hilo nalo liliandikwa nyuma. Mimi nilidhani sasa mzee ameona. Wapi. Akasema tatizo ni Maungu, Mtito ni pazuri zaidi, pana kivuli. Tukaenda Mtito. Jumamosi ikapita tukiwa Mtito kwenye kivuli. Kurudi, petroli ikawa imekwisha na kopo la chai limebaki na majani ya chai. Jumatano ya pili ikanikuta bado Mtito, nimekaa juu ya beseni kando ya lami, napigia kelele mabasi ambayo hata hayasimami.

Hapo ndipo nilipomwambia yote. Nilimwambia ametuvunjia nyumba akidhani anaijenga. Nilimwambia tunanunua petroli ya kwenda kulala bure. Nilimwambia mahali pangu pa ukutani leo panaingia siku ya tatu, na kama kuna mtu amekaa, nitamkumbuka yeye mpaka kaburini. Akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa na pasi. Naonyesha, napanda. Naonyesha, napewa kitanda cha wafanyakazi, Mombasa, Nairobi, popote. Sasa niwe mtu wa kufungwa chini ya migomba ya mjane, kama mbuzi aliyeletwa kuchungwa?"

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Haikuwa hesabu hata kidogo. Alitaka kuonyesha kitu getini na geti lifunguliwe. Mtu mwingine angemhurumia hapo. Mimi nilizidi kuwaka. "Pasi ya reli walikupa kwa sababu reli ilienda ulikokuwa unaenda!" nikamwambia. "Hii inakuvuta iende inakotaka yenyewe. Na huyo mjane unayemwonea haya ndiye mtu pekee barabarani aliyetufungulia bila kuulizia picha yako."

Nikauza beseni mbili kwa bei ya kutupa, nikapata nauli. Nikafunga sufuria zangu kwenye leso kubwa, nikapanda basi mpaka Voi, na Ijumaa nikapata jingine la Taveta. Mzee nilimwacha na kombi yake na kadi yake.

Jumamosi asubuhi nikaingia sokoni. Ukutani amekaa msichana mja mzito, ametandaza nguo za watoto kwenye gunia, ametundika nyingine kwenye misumari yangu. Misumari niliyoipigilia mimi.

"Binti, hapo ni mahali pangu."

"Shikamoo nyanya. Palikuwa."

"Nani amekuketisha?"

"Nilikuta hapana jiwe."

Nikamgeukia jirani yangu, muuza vitunguu, mtu ambaye tumekula naye miaka. Akafuta mikono kwa leso. "Jiwe niliweka mara mbili, dada. Ya tatu ningeweka nini, kichwa changu? Watu wananiuliza yuko wapi, nasema yuko njiani. Halafu kondakta wa basi anatuambia amekuona Mtito, umekaa kivulini."

"Mna kadi, tumesikia," akasema mwingine kutoka nyuma. "Si ukae Mtito basi, wenye kadi?"

Wakacheka. Walikuwa wanasema sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyonipa ukuta. Ningekuwa mimi muuza vitunguu ningefanya vile vile. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko kitu chochote: hapakuwa na mtu sokoni wa kumkasirikia. Nikabeba sufuria zangu nikaenda mtaroni, nikazipanga pale pale nilipoanzia nikiwa na nguvu za kijana. Siku hiyo nilipiga kelele za bei mpaka sauti ikakatika, na si kwa sababu ya wateja.

Nilikaa Taveta. Nililala ndani kwa rafiki yangu, naye hakuniuliza neno, alisogeza mkeka tu. Kila Jumatano kondakta ananiletea habari: mzee yuko Maungu, mzee yuko Voi yadini, mzee anasema anamalizia mwezi. Anaumalizia vipi, kama sahani ya ugali? Sahani nilizoziacha ndani ya kombi alikuwa anaziuza moja moja, kidogo petroli, kingine chote anakula hoteli ya mwenye yadi kila siku, maana haruhusiwi kuwasha moto. Chakula kikamla yeye.

Halafu Jumatano moja kombi ikaingia, vumbi jekundu mpaka kwenye kioo. Mzee akashuka, shati limemlegea shingoni. Kadi ilikuwa bado na miezi. Akasimama mtaroni kati ya sufuria zangu.

"Umesogezwa," akasema.

"Sikusogezwa. Nilikosekana."

Akaokota kifuniko kilichoanguka, akakirudisha juu ya sufuria. Mwisho akauliza, "Leo tunalala wapi?"

"Mimi nalala kwa rafiki yangu. Wewe nenda ukamwombe mwenyewe."

Akaenda. Nilimfuata kwa mbali, nasema ukweli, nilitaka kuona. Akavua kofia kabla hajafika kwenye ua. Rafiki yangu akamwangalia vizuri, juu mpaka chini.

"Nafasi iko, shemeji. Lakini mikungu imeiva na mimi mgongo hauwezi tena. Utashusha?"

Sijawahi kumwona mwanamume amefurahi hivyo kuambiwa kazi. Alishika panga kabla hajanywa maji. Kuanzia siku ile akawa anashusha ndizi na kuzibua mfereji, akiingiza kombi pale anaingia kifua mbele. Ningejua ni hilo tu lilikosekana, ningemtafutia panga mapema, nikabaki na ukuta wangu.

Maana ukuta sikuupata tena. Yule msichana alikaa akazoea, wateja wakamzoea. Tumbo lilipokuwa kubwa sana akanijia mtaroni na soda.

"Nyanya, nikienda kujifungua, si utanikalia pale siku mbili tatu? Wewe nakuamini."

Nikainywa soda. Nikamwambia, "Mwanangu, tafuta mwingine. Mimi nikikaa pale sitoki."

Akacheka, akadhani natania. Akaniangalia tena, akaacha kucheka. Alijifungua Alhamisi. Jumamosi alikuwa ukutani, amekaa upande upande kwa maumivu, mtoto kwenye leso.