Nieves Hakumfungua Mtoto

Katika zahanati yetu ya Chilcapata, juu milimani ambako hewa ni nyepesi, daktari ndiye mgeni na Nieves ndiye mwenyeji. Kila mwaka serikali hututumia kijana aliyemaliza chuo juzi, akakae nasi miezi kumi na miwili kisha arudi kwao pwani akanenepe. Nieves Huamantica yeye habadilishwi. Ana cheti cha msaidizi wa muuguzi tu, lakini amekaa pale miaka ishirini na sita. Mimi nimeendesha gari la wagonjwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, na nakwambia, akina mama wakifika mlangoni huuliza kwanza kama yupo. Asipokuwepo, wanageuza na wagonjwa wao.

Kila daktari mpya, Nieves alimkaribisha kwa mzaha uleule. Anambana kidole kwa kile kidude kinachosoma oksijeni ya damu, kijana anaona themanini na moja, anabadilika rangi. Chuoni amefundishwa kwamba mtu akiwa chini ya tisini ni wa kuwekewa mtungi na kukimbizwa hospitali. Nieves anamwacha ahangaike kidogo, halafu anajipima mwenyewe: themanini na sita. Ananipima mimi: themanini na saba.

"Hapa juu, mwanangu, hiyo ndiyo afya," anamwambia. "Hicho kitabu chako kimezaliwa baharini."

Basi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wala haukuwa mzaha mtupu. Mezani kwetu kilikaa kitabu cha mwongozo, kile kinachomwelekeza daktari namna ya kuutambua kila ugonjwa na kuutibu, na kwenye ukurasa wa kikohozi cha watoto Nieves alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "Kwetu, themanini na tatu kwenda juu, usihangaike." Madaktari wengi waliushukuru mstari ule. Bila huo wangeijaza hospitali ya mjini watoto wenye afya zao.

Mwaka ninaousimulia alikuja Renzo Balarezo, kijana mrefu, mpole, mwepesi wa kuona haya. Siku ya mzaha alichekwa kuliko wenzake wote, maana tulimkuta ameshajifungulia mtungi wa oksijeni mwenyewe. Tangu hapo, kila akitaka kusema neno alimtazama Nieves kwanza. Niliona, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani ndiyo adabu.

Ikafika mwezi wa sita, baridi ya kukausha mate mdomoni. Asubuhi moja, saa mbili, jua halijafika uani, akaingia Griselda Turpo na mama mkwe wake, Saturnina. Griselda alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Maricielo, wa miezi minne. Mtoto alikuwa anakohoa kwa siku mbili, na usiku uliopita alinyonya kidogo tu. Mtoto alifungwa kama tunavyowafunga watoto wetu wote: blanketi juu ya blanketi, mikono imenyooshwa ubavuni, kisha mkanda wa sufu umezungushwa kutoka mabegani hadi miguuni na kukazwa barabara. Ulichoweza kuona ni uso na mashavu mekundu.

Saturnina alikuwa na haraka. Viazi vyao vilikuwa vimetandazwa nyasini kule malishoni juu, vimeganda kwa baridi ya siku tatu, na siku hiyo ilikuwa lazima vikanyagwe vitoke maji kabla ya kuanikwa. Vikipitiliza, chakula cha mwaka mzima kinaharibika. Alisema hayo akiwa bado mlangoni, hajaamkia mtu.

Nieves akachomoa kidole cha mguu chini ya blanketi, akakibana kwa kidude. Themanini na tatu. Akaweka kiganja juu ya mkanda, akatazama saa ya ukutani, akahesabu pumzi dakika nzima. Arobaini na sita. Kwa mtoto wa umri ule, ikiwa chini ya hamsini, huna sababu ya kufikiria nimonia.

Renzo alikuwa amesimama na kitabu mkononi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, kwamba mwongozo unataka mtoto afunguliwe kifua, atazamwe kama nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani akivuta pumzi. Nieves akalitafsiri hilo kwa Kikechua, lugha yetu ya milimani. Saturnina alijibu hata kabla hajamaliza: hakuna mtoto anayefunguliwa kabla jua halijagusa ua. Upepo utamwingia kifuani, na siku ya maziko huyo daktari hataonekana.

Hapa lazima nimtetee Nieves, maana ni rahisi kumhukumu mtu ukiwa umekaa karibu na jiko. Miaka kumi na miwili nyuma, daktari mmoja mwenye kiburi alimfungua mtoto kwa nguvu asubuhi kama ile. Wiki iliyofuata mtoto akafa, kwa ugonjwa mwingine kabisa. Kwa miezi saba hakuna mama aliyekanyaga zahanati. Nieves alizunguka nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, kuwabembeleza warudi, na wakati huo wanawake wawili walikuwa wamejifungulia majumbani na kufa. Alikuwa ameapa jambo lile halitajirudia.

Kwa hiyo akamgeukia Renzo na kicheko chake kile.

"Weka kitabu, mwanangu. Huyu ni wa huku, ana namba za huku."

Mimi nilikuwa mlangoni nikipasha mikono, nikacheka naye. Renzo akafunga kitabu. Wakapewa dawa ya kushusha homa, wakaambiwa warudi kesho, wakaenda zao.

Saa sita mchana Nieves alikaa kuandika wagonjwa wa siku. Akaichukua kadi ya chanjo ya Maricielo, ile inayobaki zahanati, anakili tarehe, na kalamu ikasimama. Wiki tatu nyuma, siku ya sindano, mtoto akiwa mzima bukheri, alikuwa amempima na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: themanini na tisa.

Halafu akamwita Renzo, akamwonyesha kadi. Mtoto wa themanini na tisa akikutwa na themanini na tatu, alimwambia, huyo ameanguka, hata kama bado yuko juu ya mstari wa penseli. Mstari ule ulikuwa kwa ajili ya watu wote, nao haukumjua mtoto huyu mmoja. Kisha akaweka kiganja chake kifuani, akabonyeza, nami nikaelewa kabla hajatamka.

"Nimehesabu mkanda," akasema. "Sikumhesabu mtoto."

Wazee husema mazoea yana taabu. Tulipakia mtungi mdogo wa oksijeni, mshale wake ukiwa kwenye robo, kwa kuwa ule mkubwa ulikuwa umekwisha tangu mwezi uliopita. Renzo akabeba dawa za sindano. Nikaendesha kwa Saturnina, mwendo wa saa moja, nikiwasha taa za hatari ambazo huko kwetu huonwa na alpaka wetu wa sufu malishoni tu. Nyumba tukaikuta imefungwa. Jirani akanyoosha kidole juu: wote wamekwenda kukanyaga viazi.

Kutoka pale njia ni ya mifugo. Kuna kijito kinachoganda pembeni na katikati kikabaki maji, na mara mbili gurudumu la nyuma liliserereka kuelekea bondeni. Nilikuwa naogopa, sioni aibu kusema. Nieves hakunihimiza wala hakunilaumu. Alikuwa anataja chini kwa chini mambo aliyoyaona asubuhi: alinyonya kidogo, hakulia nilipobana kidole, hakulia. Alilirudia hilo la kulia mpaka Renzo akamshika bega.

Tukawakuta saa tisa alasiri. Saturnina na wanawe walikuwa pekupeku juu ya viazi, wakikanyaga. Mtoto alilazwa kwenye kikuta cha mawe kinachokinga upepo, amefungwa vilevile, na Griselda alikuwa amechuchumaa kando yake. Alisema kwamba amelala vizuri, hajasumbua tangu asubuhi.

Saturnina alipoona gari akaja na uso wa vita. Akaanza upya habari ya upepo. Nieves hakubishana. Alipiga magoti pale kwenye nyasi zenye maji ya viazi, akamtazama kutoka chini.

"Dada Saturnina, asubuhi nilikusikiliza wewe kwa kuwa nilikuogopa. Sasa nisikilize mimi. Ndani ya gari mna joto. Mfungue kwa mikono yako mwenyewe, mbele yangu. Ukiona hana kitu, nifukuze kijijini."

Nikawasha kifaa cha joto, kitu pekee kizima katika gari lile. Saturnina akaingia, akamlaza mtoto mapajani, akaanza kuufungua mkanda kutoka miguuni. Ulikuwa mrefu. Ulipoachia kifuani, mtoto alivuta pumzi, na chini ya mbavu pakaingia shimo. Akavuta tena, shimo tena. Saturnina aliacha mkono hewani. Renzo akahesabu, safari hii juu ya ngozi: sitini na sita. Kidude kikasoma sabini na sita.

Sindano ya kwanza ilichomwa palepale. Mirija ya oksijeni ikawekwa puani, na Saturnina akafungua vazi lake mwenyewe akamweka mtoto kwenye ngozi yake, akamfunika kwa blanketi bila kumkaza. Viazi tuliviacha na wanawe. Griselda alikaa kati ya Saturnina na Renzo, ameshika kile kidole kidogo chenye kidude, macho kwenye namba asizojua kuzisoma, akimuuliza Renzo kila mara kama ni nzuri.

Kutoka juu mpaka mjini ni saa tatu za kushuka tu, na kwetu kushuka peke yake ni dawa, maana kila kona hewa inazidi kuwa nzito. Lakini mshale wa mtungi nao ulikuwa unashuka. Renzo alipunguza oksijeni, namba ikaanguka. Akaongeza, mshale ukaanguka. Akawa anacheza na koki ya mtungi kidogo kidogo, jasho likimtoka. Hakumtazama Nieves hata mara moja kuomba ruhusa. Karibu na daraja la kwanza mtoto aliacha kupumua. Nilisikia kimya nyuma yangu. Renzo akampiga kwa kidole kwenye nyayo, mara moja, mara ya pili, Griselda akaanza kuita jina la mtoto, mara ya tatu, ndipo kikaja kikohozi chembamba.

Mtungi ukaisha tukiwa bado na nusu saa. Nikashuka mteremko ule kwa mwendo ambao siurudii tena hata ukinilipa. Renzo alisoma namba kwa sauti: sabini na nane, sabini na saba, themanini. Hewa ya bondeni ilikuwa imetupokea. Jua lilikuwa linazama tulipoingia uani mwa hospitali, na Saturnina akakimbia na mtoto kifuani, bado pekupeku.

Tulikaa kwenye benchi la korido karibu saa mbili. Hatimaye akatoka daktari wa zamu, mwanamke mnene mwenye miwani, na karatasi mkononi. Ni nimonia kali, alisema, lakini mtoto ameanza kuitikia dawa, na anaamini atapona. Angelala kule juu usiku huo, asingeamka. Griselda alianguka magotini, akamshika daktari miguu.

Kisha daktari akatuuliza, kwa ajili ya karatasi yake, mtoto alionekana na mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza saa ngapi.

Sisi tuliotoka Chilcapata tulijua uzito wa swali lile. Nieves alibakiza miaka miwili tu apate pensheni, na mtu aliyemrudisha nyumbani mtoto wa namna ile huitwa mbele ya wakubwa. Renzo akawahi.

"Saa tisa alasiri," akasema. "Malishoni."

Daktari akaanza kuandika.

"Hapana," Nieves akasema. "Saa mbili asubuhi, zahanati. Nilimwona mimi. Daktari huyu alitaka afunguliwe kifua, nikamcheka."

Kalamu ikasimama. Yule mwanamke akakata mstari wa kwanza akaandika mwingine. Renzo aliinamisha kichwa, nikaona analia.

Saturnina hajui Kihispania. Alivuta shali ya Nieves, akamuuliza wanaandika nini. Nieves akamweleza neno kwa neno, bila kupunguza, hata lile la kucheka. Bibi yule akainama, akajifuta tope la viazi kwenye vidole vya miguu.

"Mwambie aandike na jina langu," akasema. "Mimi ndiye niliyekataza."

Nieves akalitafsiri hilo pia. Daktari alijibu kwamba karatasi haina nafasi ya bibi wa mtoto, lakini Saturnina alibaki amesimama mpaka jina lake likaandikwa pembeni, herufi kwa herufi.

Mimi niliyecheka mlangoni nilikuwa nimeegemea ukuta palepale, funguo za gari mkononi. Hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza.